Papa Bila Kichwa

Nahodha Gaspar alipochukua shoka, gati lilikuwa limeshakaribia. Papa aliyelala sitahani alikuwa wa aina iliyopigwa marufuku kuvuliwa, kwa kuwa katika bahari ile ya baridi walibaki wachache mno. Lakini papa aliyekatwa kichwa na kuchunwa ngozi ni nyama tu. Hakuna mkaguzi wa kumtambua.

Mapigo matatu, kichwa kikatengana na mwili. Kisha Gaspar akampasua tumbo, na vitoto sita vikamwagika, hai, vikijipigapiga kwenye damu ya mama yao. Akavikanyaga kwa buti, kimoja baada ya kingine.

"Hivyo navyo vimekukosea nini?" akauliza Ilde, mwanamke aliyemchunia samaki miaka ishirini.

"Wewe chuna!"

Meli ikagusa gati. Gaspar akainama akitupe kichwa baharini, vidole vyake vikaingia kinywani. Taya zikajifunga. Akapiga yowe, akakibamiza kichwa ukingoni, na meno yakazidi kuzama hadi mfupani.

"Kata taya, Ilde! Kata!"

Ilde akainua kisu. Mkaguzi, mama mmoja mwenye koti la njano, alikuwa ameshashika ngazi.

"Fanya haraka, atatukuta!"

Ilde akavitazama vile vitoto vilivyopondeka. Akanyoosha mkono nje ya ukingo, akafungua vidole, kisu kikaanguka majini.

Mkaguzi alipofika juu, kitu cha kwanza kumtazama kilikuwa jicho la papa, wazi bado, kwenye kichwa kilichoning'inia mkononi mwa nahodha.