Kiti cha Pulchérie

Baba alipokufa, ukoo ulikutana kwetu mjini Baraka kugawa shamba lake la Lubondja. Kwetu anayekaa kwenye kiti ndiye anayesema. Bamama hukaa mkekani, wanasikiliza. Siku hiyo dada yangu Pulchérie alikuja na kiti chake.

"Da Pulchérie, mukeka umekuuma?" nikamtania. Baba wadogo wakacheka.

"Miaka kumi mi nalima hilo shamba," akasema. "We unajua hata mupaka wake iko wapi?"

Sikujua. Nikamgeukia mama pale mkekani aniokoe, maana yeye ndiye aliyemfundisha Pulchérie kunyamaza mbele ya wanaume.

Mama hakunitazama mimi. Alitazama kiti nilichokalia.

Nikajikuta nimesimama, sijui ni kwa heshima au kwa woga. Mama akaanza kuinuka.