Weusi wa Pembeni

"Nani ameigusa hii, mukwai?" Watson aliuliza kwa neno la heshima la kwao, bila kuondoa lenzi jichoni.

Scola alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, macho chini. "Mimi. Nimeisugua asubuhi, kwa majivu."

Sarafu ilikuwa mezani, inang'aa kama sufuria zake. Baba mkwe wake alipewa na benki siku ya kustaafu: madini ya fedha tupu, faru upande mmoja, ndani ya kiboksi cha bluu. Watson alikuwa amevuka mpaka kutoka Nakonde kuja kuinunua.

"Ilikuwa na weusi pembeni," Scola alisema kwa sauti ndogo. "Nikaona aibu mgeni auziwe kitu kichafu."

Watson alicheka kidogo, kisha akaacha. "Mama, ule haukuwa uchafu. Hizi zilitengenezwa chache, za wakusanyaji, hazikuingia sokoni hata siku moja. Uso wake ni kioo. Mtu ananunua kioo hicho, na ule weusi ndio shahidi kwamba hakuna kitambaa kilichopita juu yake." Akamgeukia Danford, mume wa Scola. "Si nilikwambia kwenye simu isifutwe?"

"Ulisema, tena spika ilikuwa wazi. Huyu alikuwa hapohapo anamenya ndizi. Lakini ndiyo hivyo, mwanamke wa darasa la tano. Unaongea, haelewi kitu."

Watson alimsogezea lenzi. "Tazama mwenyewe. Mikwaruzo kama shamba lililopigwa trekta."

Danford hakutazama. "Sasa?"

"Sasa ni fedha ya kuyeyusha. Nakupa bei ya gramu."

Bei ya gramu isingenunua hata sururu. Danford alikuwa ameshakubaliana na watu wa Saza: alete pesa, apate mgao kwenye duara lao, mgodi mdogo wa dhahabu, ashuke shimoni Jumatatu. Shemeji yake Gwamaka alikuwa amefukiwa kwenye duara hilohilo mwezi Machi. "Yeye hakuwa na bahati," Danford alikuwa akijibu, na begi lake lilishafungwa.

"Miaka yote hiyo mzee ameitunza," alisema sasa. "Wewe asubuhi moja tu."

"Nisamehe, baba Brenda."

"Usiongee na mimi."

Alitoka kumsindikiza Watson kwenye bodaboda. Hakuchukua hata kofia.

Scola alikusanya vikombe. Kisha akatoka uani, alikokuwa amekaa wifi yake Conjesta, mjane wa Gwamaka, akichambua maharage.

Conjesta hakuinua kichwa. "Imekubali?"

"Imekubali, wifi," alisema Scola. "Hashuki."