Muhuri wa Hatari

Lori liliingia Mtaa wa Kongo kinyume cha njia saa nne asubuhi, honi ikilia, na trafiki aliyesimama kwenye kona akageuka haraka kutazama vitenge dukani.

Hakuwa mpenzi wa vitenge. Alikuwa amesoma ubao mwekundu uliochomelewa mbele ya lori: HATARI, TINDIKALI.

Askari wote wa Kariakoo waliijua hesabu hiyo. Gari likikamatwa, hulazwa kwenye uwanja wa kituo. Sasa madumu mia mbili ya maji makali ya betri yakilazwa kituoni, zamu ataingia nani? Kwa hiyo malori yenye ubao mwekundu yalipita kwenye taa nyekundu, yaliegeshwa katikati ya barabara, na mara mojamoja yalipigiwa saluti.

Dereva wa lori hili aliitwa Twaha. Enzi hizo za ruksa, mizigo ilipoanza kumiminika bandarini, tajiri wake, Bhupendra, aliona mitumba peke yake haimtoshi, akaongeza tindikali. Miaka mitatu baadaye akampeleka Twaha, dereva wake wa mitumba, kozi ya wiki mbili, na leseni yake ikagongwa muhuri wa kubeba mizigo ya hatari. Mshahara ulibaki uleule. Kilichoongezeka ni chupa ya maziwa kila asubuhi, eti yanaosha kifua. Dereva aliyeliendesha lori hilo kabla yake, jina lake Fikirini, aliyanywa maziwa hayo miaka mitatu. Siku hizi alizungumza kwa kunong'ona, hata akimwita muuza kahawa aliye ng'ambo ya barabara.

Wizarani muhuri ulisifiwa sana. Mtaalamu mmoja, Bwana Wilbert, alikusanya makosa ya barabarani ya mwaka mzima, akakuta madereva wa kawaida wanayo tele na wenye muhuri karibu hawana. Akaitisha semina Posta, yenye soda na sambusa, na mbele za watu akamuuliza Twaha siri ya nidhamu yake. Twaha akajibu kuwa ni ule ubao. Wilbert akaandika: mafunzo.

Hata hivyo Twaha hakuwa safi kabisa. Leseni yake ilikuwa na makosa mawili, moja la Kivukoni, na jingine la hapohapo Posta, siku aliyotoka kwenye semina. Siku zote mbili, kwa bahati mbaya, ubao ulikuwa umeanguka. Ndipo Bhupendra alipomwita fundi auchomelee.

"Sikiliza, bwana Twaha," alimwambia huku cheche zikiruka. "Kosa la tatu, muhuri wanafuta. Muhuri hakuna, tindikali hakuna. Unarudi kwenye mitumba, unawapelekea watu wa Mchikichini masweta. Unataka hiyo?"

Twaha alitazama chini, akasema amesikia.

Na sasa, katikati ya Mtaa wa Kongo, lori lilikuwa limekwama. Mkokoteni wa nazi uliokuwa ukikwepa ubao mwekundu ulikuwa umepinduka, na watu walikuwa wanaziokota nazi, wengine wakimsaidia mwenyewe, wengine wakiondoka nazo. Honi ya Twaha haikunyamaza.

Akatokea askari wa kike, Tatu, mgeni kituoni, wiki ya pili tangu atoke chuoni. Hakuna aliyekuwa amemfundisha bado kutazama vitenge. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mlango wa dereva, na umati ukampisha.

"Shikamoo, mzee. Leseni."

"Marahaba, mwanangu." Leseni ilikuwa tayari mkononi.

Tatu aliisoma. Alipofika kwenye yale makosa mawili, uso ukamlegea. Ng'ambo ya barabara sajini wake, Polycarp, alikuwa anampungia mkono kama mtu anayefukuza kuku: amwache aende. Mtu mmoja kwenye umati akasema afande mpya anataka kufungua kiwanda cha betri kituoni. Watu wakacheka.

Tatu hakucheka. Alimuuliza dereva ana watoto wangapi. Twaha akajibu watano, kisha akakohoa mpaka akaushika usukani kwa mikono yote miwili. Mikono ya shati lake ilikuwa na matundu madogomadogo, kama chujio.

Tatu akalifunga daftari lake.

"Mzee wangu, nikiandika hili la tatu, muhuri huu ndiyo kwaheri. Na kazi za siku hizi unaziona mwenyewe, watu wanapunguzwa kila kona. Mimi sitaki kulaaniwa na watoto watano. Sema samahani tu, nami nitakuwa sijakuona."

Umati ukatulia kusubiri neno hilo moja. Mwenye nazi, ambaye ndiye aliyekosewa, akawa wa kwanza kumsihi alitamke, kwani jua lilikuwa kali na mzigo wake ulikuwa unazidi kupungua. Bibi mmoja akasema kiburi cha madereva wa ubao mwekundu kitawaua. Polycarp alikuwa ameacha kupunga mkono na kuanza kurudi nyuma taratibu.

Twaha alizima injini. Akatoa kalamu mfukoni, akampa afande kupitia dirishani.

"Tangu saa mbili nimeuzunguka mtaa huu mara nne, kinyume, honi juu, nikimtafuta askari mmoja tu mwenye macho," alisema. "Andika, mwanangu. Siombi radhi."