Jani la Mgomba

Shamshad aliuma ncha ya mtandio wake, akafumba macho, akaninyooshea mkono.

Ulikuwa umeungua mafuta ya bajia, jikoni kwake Pongwe. Jana yake bandeji ilikuwa imegandana na kidonda, na nilipoivuta ilitoka na ngozi changa. Manesi wawili walimshika. Alilia mpaka sauti ikamkauka.

Mwaka ule wa themanini na tatu zahanati yetu haikuwa na dawa ya kupaka bandeji isigande, na madukani hata sabuni ilikuwa ya foleni. Lakini mgomba wa nyuma ya jiko letu haukungoja kibali cha mtu. Nilikata jani changa, nikalichemsha, nikaliacha lipoe, nikamfunga nalo.

"Unanifunga kama samaki wa kuchoma?"

"Samaki hapigi kelele, mama. Na wewe kesho hutapiga."

Mganga mkuu wa zahanati alipita, akaliona jani, akaguna. Nikamwacha agune.

Sasa nilifungua fundo, nikalishika jani kwa ncha. Lilikuwa limelowa, linang'aa kama limepakwa samli. Liliteleza lenyewe. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, mbichi, haina hata tone la damu.

Shamshad alikuwa bado amefumba macho, jasho limemjaa puani.

"Waite basi waje wanishike," alisema, mtandio ungali menoni. "Halafu vuta mara moja, yaishe."

Nikamwekea jani kwenye kiganja cha mkono mzima.