Punje Aliyoitema Bibi

Tangu ijulikane kwamba wakati ni punjepunje, hautiririki kama maji, watu wanaununua na kuula. Sisi tunanunua punje zilizotumika, na kila moja inabaki na mambo ya aliyeitumia. Mama anazitia kwenye uji wa Bibi ili asife, na mimi ndiye ninayemlisha. Kinyaa! Jana alimeza ya mlevi, akacheua na kutukana kwa sauti nzito.

Leo kakaa na moja mdomoni, kisha kaitema imejaa mate.

"Meza wewe, Mwanaidi," Mama akasema. "Hatutupi wakati humu ndani."

"Mama jamani, imetoka mdomoni mwa Bibi!"

"Meza!"

Nikaziba pua, nikameza. Ghafla nikawa nimelala kitandani, mdomo wazi, na msichana mwenye sketi yangu ya shule, uso kaukunja, ananisogezea kijiko bila kuniangalia.