Namba Aliyoikariri Mzee Ditram

Hakimu alipouliza namba ya shauri, Mzee Ditram alisimama wima akaitaja tarakimu kwa tarakimu bila kuangalia popote, kama mtoto anayesoma katekisimu mbele ya padri.

Karani aliinamisha uso. "Babu, hiyo siyo namba ya shauri. Ni kontroli namba, ya kulipia ada. Ulilipia?"

"Nimeitunza," alisema. "Hata mlangoni kwangu nimeiandika."

Hakimu alivua miwani. Shauri lisilolipiwa ada linatupwa, alisema, na kufungua jingine haiwezekani, kwa kuwa miaka kumi na miwili ambayo sheria inaruhusu kudai shamba ilitimia juzi.

Ditram alibaki amesimama. Midomo yake ilikuwa ingali ikitembea juu ya tarakimu zile, moja baada ya nyingine, huenda kuna aliyoikosea.

Nje, jirani aliyemnyang'anya shamba lile la Zombo, alimozikwa mke wa mzee, aliinama kwa adabu.

"Shikamoo, baba. Lile kaburi la mama tutalizunguka na trekta, usihofu."

Lakini shikamoo ya mtu haiachwi ianguke chini.

"Marahaba," alijibu mzee.