Kipima Kasi

Tungaraza alitega kipima kasi mbele ya mtutu wa bunduki, akakiinua kwa mawe mpaka kikalingana na njia ya risasi. Kwenye kasha zilibaki risasi tatu. Moja ya zilizotangulia, aliyoifyatua yeye, ndiyo iliyomjeruhi nyati kutoka mbali, na nyati huyo akamuua mdogo wake walipomfuata kichakani.

Miezi miwili sasa Tungaraza alikuwa akiwaambia watu kwamba risasi zile zilikuwa dhaifu. Kemilembe, mjane wa marehemu, alikuja kujionea.

"Shemeji, tutajuaje?"

"Zinatakiwa kwenda mita mia nane kwa sekunde. Zikipungua, basi ile ilishuka njiani, ikampiga nyati chini ya nilipolenga."

"Na zisipopungua?"

Tungaraza alifumba macho, midomo ikimchezacheza kwa sala. Kisha akafyatua kuelekea kwenye kichuguu.

Mia nane na tatu.

"Mashine nazo hukosea," alisema Kemilembe upesi. "Piga nyingine."

Mia nane na mbili.

Tungaraza aliushusha mtutu. "Shemeji, nilikuwa namwomba Mungu iwe mbovu."

"Hata mimi."

Alipoichukua ya tatu, Kemilembe alimshika mkono, akamtoa risasi kiganjani na kuifunga kwenye pindo la khanga yake.

"Hii tusiipime," alisema. "Huenda ile ilikuwa kama hii."

Akaondoka taratibu kuelekea mjini, pindo likimgongagonga gotini. Tungaraza alibaki amepiga magoti nyuma ya bunduki, akiitazama namba ambayo bado ilikuwa inawaka.